Gari la babu gerejini, watoto mlangoni

Novemba 12, 2022, mchekeshaji na mtangazaji maarufu wa televisheni nchini Marekani, Jay Leno, aliingia chini ya gari lake bovu katika gereji yake mjini Burbank, California. Lilikuwa gari la mvuke aina ya White, la mwaka 1907. Bomba la mafuta lilikuwa limeziba, naye alikuwa akilizibua. Ghafla petroli ikamrukia usoni, ikakutana na kimoto cha kuwashia ambacho magari ya aina hiyo huwa nacho.

Rafiki yake aliyekuwa pembeni aliwahi kuuzima moto huo. Hata hivyo, Leno, wakati huo akiwa na umri wa miaka 72, alikuwa ameungua uso, kifua na mikono. Alilazwa zaidi ya wiki moja, akafanyiwa upasuaji na kupandikizwa ngozi. Kabla Novemba haijaisha alikuwa amerudi jukwaani akiwachekesha watu kwa masaibu hayo hayo.

Huyo ni mtu aliyeshika magari ya kale kwa miongo kadhaa, mwenye mafundi, vifaa na nafasi ya kutosha. Sasa fikiria baba wa kawaida, mwenye boksi moja la spana na taa ya kuning'iniza, anayefanya kazi kama hiyo Jumamosi mchana huku mtoto wa miaka minne akichungulia kutoka jikoni.

Si picha ya kubuni tu. Marekani, neno gereji kwanza lina maana ya chumba cha nyumba. Nyumba nyingi za familia zina chumba cha gari kilichoshikana na sebule au jiko, vikitenganishwa na mlango mmoja. Humo ndimo yanamokaa majembe, baiskeli za watoto, mashine ya kufulia, tangi la kuchemshia maji na, kwa familia zenye mapenzi hayo, gari la zamani linalotengenezwa kidogo kidogo kwa miaka. Mtanzania au Mkenya anayehamia huko hachukui muda mrefu kukutana na jirani wa namna hiyo: boneti iko juu, redio inaimba, na kaptula imejaa grisi.

Magari hayo yana wapenzi kwa sababu. Mara nyingi ni ya marehemu baba au ya babu, na kuliuza ni kama kuuza albamu ya picha. Halafu ni rahisi kuyaelewa. Ndiyo maana mzazi anayetaka kumtoa kijana wa miaka 13 kwenye simu hufikiria gari kabla ya kufikiria mpira.

Chukua Ford Mustang, ambalo huenda ndilo gari la zamani linalotengenezwa zaidi majumbani nchini humo. Liliingia sokoni Aprili 17, 1964, bei yake ikianzia dola 2,368. Ndani ya miezi 12 yaliuzwa zaidi ya 400,000, na kabla ya miaka miwili kwisha yalikuwa yamefika milioni moja. Kwa wingi huo, vipuri vyake bado vinatengenezwa vipya mpaka leo, kuanzia bampa hadi vitasa vya mlango.

Injini yake ya silinda sita imekaa kwa nafasi, mkono unapita kila upande. Halina kompyuta. Moto wa plagi unategemea pointi ndogo ndani ya distributa, na nafasi kati ya pointi hizo hupimwa kwa kipande chembamba cha bati. Kabureta inafunguliwa mezani na kusafishwa kwa brashi. Mtoto anaweza kuona kwa macho yake jinsi mafuta na hewa vinavyokutana. Ni somo la fizikia lisilohitaji ubao.

Tatizo ni kwamba gari hilo lilitengenezwa wakati ambapo vitu vingi vinavyojulikana leo kuwa ni sumu vilikuwa vitu vya kawaida kabisa. Vingi bado vimo ndani yake.

Vumbi la kwenye breki

Mustang la mwaka 1965 lilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne, isipokuwa kwa mnunuzi aliyelipia diski za mbele. Zaidi ya hapo, mfumo wa mafuta ya breki ulikuwa mmoja tu. Bomba likipasuka gurudumu moja, pedeli inazama hadi chini na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa wakati mmoja.

Ford waliweka mfumo wa njia mbili katika Mustang za mwaka 1967, na sheria za shirikisho zikafanya hivyo kuwa lazima kwa magari madogo kuanzia 1968. Ndiyo maana watu wengi wanaofufua magari hayo nyumbani huanza na kubadilisha masta silinda kabla hawajagusa rangi wala viti. Hilo ni jambo la busara. Gari linalong'aa lenye masta silinda ya mwaka 1965 ni pambo la hatari.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka, maji hayo hula chuma kwa ndani na kusababisha mafuta kuchemka mapema pale breki zinapopata moto. Wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari limeegeshwa tu.

Kazi ya kutoa hewa kwenye breki ni ya watu wawili, na pengine ndiyo nzuri kuliko zote kwa mzazi na kijana. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine yuko kwenye gurudumu na spana ndogo. "Kanyaga." "Nimekanyaga." Anafungua, mapovu yanatoka, anafunga. "Achia." Wanaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma upande wa abiria, wanamalizia la karibu na dereva. Akiachia pedeli kabla ya kuambiwa, hewa inaingia tena na kazi inaanza upya. Kijana wa miaka 12 anajifunza hapo kusikiliza kuliko darasani.

Lakini kabla ya kufika huko, ngoma lazima itolewe, na ndani ya ngoma kuna vumbi.

Vitambaa vya breki vya zamani, yaani ile sehemu inayosuguana na ngoma, vilitengenezwa kwa asbestosi kwa sababu madini hayo hayashiki moto. Kila breki ilipokanyagwa, kiasi kidogo kilisagika na kubaki humo. Kwa macho huwezi kujua kama vumbi hilo lina asbestosi au halina. Hata kitambaa kilichobadilishwa miaka ya 1980 au 1990 kinaweza kuwa nayo: amri ya Marekani ya mwaka 1989 ya kupiga marufuku bidhaa nyingi za asbestosi ilibatilishwa kwa sehemu kubwa na mahakama mwaka 1991, na ni Machi 2024 ndipo mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilipotangaza kanuni ya kupiga marufuku krisotile, aina ya asbestosi iliyobaki ikitumika, zikiwamo breki zinazouzwa madukani.

Nyuzi za asbestosi zikivutwa hubaki kwenye mapafu. Husababisha kovu la mapafu, saratani ya mapafu na mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa huweza kujitokeza miaka 20, 30 hata 40 baadaye. Kwa mafundi wa breki, wanasayansi bado wanabishana kuhusu ukubwa wa hatari hiyo, na mtu anayebadilisha breki za gari moja kila baada ya miaka kadhaa hayuko sawa na mfanyakazi wa kiwanda cha asbestosi. Kuhusu madini yenyewe hakuna ubishi. Na wapo wanawake waliougua mesothelioma bila kukanyaga kiwandani, kwa kufua nguo za kazi za waume zao tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutopuliza. Si kwa mdomo, si kwa upepo wa kompresa, na wala si kwa brashi kavu. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho hakifai, kwani nyuzi hizo hupita kwenye mfuko wake na kurushwa chumbani upya. Ngoma na sehemu zake hulowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni, taratibu, bila presha, kisha hufutwa kwa kitambaa kibichi. Kitambaa hicho hutiwa kwenye mfuko wa plastiki, hufungwa na kutupwa. Hakifuliwi.

Nguo za kazi huvuliwa pale pale. Mzazi anayetoka kwenye breki akamnyanyua mtoto aliyemkimbilia amempelekea vumbi hilo puani.

(Mafundi wetu wa pembeni ya barabara, wanaopuliza ngoma za Corolla huku wateja wamesimama karibu, nao wangefaidika na ndoo ya maji na sabuni. Breki za leo nyingi hazina asbestosi, lakini hakuna vumbi la breki lililo chakula cha mapafu.)

Rangi nzuri, risasi ndani yake

Baada ya breki, kinachowavutia wengi ni bodi. Hapa ndipo mtoto mdogo anapokuwa hatarini zaidi kuliko mtu mzima anayefanya kazi yenyewe.

Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi kwa nyumba, samani na vifaa vya kuchezea mwaka 1978. Rangi za magari hazikuguswa na katazo hilo. Rangi za njano na nyekundu za zamani mara nyingi zilitiwa risasi ili zing'ae na zidumu. Isitoshe, viwanda vilijaza maungio ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa, kazi ambayo leo mafundi wetu huifanya kwa puti. Unapopiga msasa paa au nguzo ya nyuma ya gari la mwaka 1965, unaweza kuwa unasaga madini hayo bila kujua.

Vumbi la risasi ni zito, halikai hewani muda mrefu. Linatua sakafuni, kwenye magurudumu ya baiskeli ya mtoto, kwenye mwanasesere aliyesahauliwa gerejini. Mtoto anayetambaa anaweka kila kitu mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Inaharibu ubongo unaokua: mtoto anachelewa kujifunza, hatulii, anashindwa kukaza mawazo. Mara nyingi hakuna homa wala kutapika kumwambia mzazi kuwa kuna kitu.

Kipimo chake ni cha damu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2021 mtoto mwenye mikrogramu 3.5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu huhesabiwa kuwa anahitaji kufuatiliwa, na moja ya maswali ambayo familia huulizwa ni kazi na mapenzi ya watu wazima nyumbani. Wazazi wengi hutaja kazi na kusahau gari la wikiendi.

Mama mjamzito naye akae mbali na msasa. Risasi huhifadhiwa kwenye mifupa na huweza kumfikia mtoto tumboni.

Anayetaka kuendelea hupiga msasa wa maji badala ya msasa mkavu, huvaa barakoa inayozuia chembe ndogo (si ile ya kitambaa iliyobaki kabatini tangu Uviko), hukusanya tope lililobaki na kupiga deki. Hafagii. Vipo vipimo vya dukani vya kujua kama rangi ina risasi, na ni rahisi kuliko kujuta. Wengine huona heri kazi ya bodi waipeleke kwa fundi mwenye chumba maalumu, wao wabaki na injini. Hakuna aibu katika hilo.

Historia ya risasi na magari ni ndefu kuliko rangi. Desemba 1921, mhandisi Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors, aligundua kuwa kiwanja fulani cha risasi kikitiwa kwenye petroli kinazuia injini kugonga. Kwa zaidi ya nusu karne dunia ikavuta moshi wenye risasi. Marekani ilimaliza kuipiga marufuku kwa magari ya barabarani Januari 1, 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021.

Injini ya Mustang la 1965 ilitengenezwa kwa ajili ya petroli hiyo, kwa kuwa risasi pia ililinda viti vya valvu. Ndiyo sababu wapo wenye magari ya zamani wanaochanganya mafuta ya ndege ndogo, ambayo bado yana risasi, ili "kuilisha injini chakula chake". Ni ujanja mbaya, na kuyatumia mafuta hayo barabarani ni kinyume cha sheria za nchi hiyo. Injini ikifunguliwa kwa matengenezo makubwa, viti vigumu vya valvu huwekwa mara moja na hoja hiyo inakwisha.

Moshi usionuka

Magari ya Marekani yalianza kufungwa kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi kuanzia matoleo ya mwaka 1975. La 1965 halina. Likiungurumishwa ndani ya gereji, hata mlango mkubwa ukiwa wazi, linatoa kaboni monoksidi nyingi, na hewa hiyo hupenya kwenye mlango wa jikoni na kukaa vyumbani.

Haina rangi wala harufu. Inashikana na damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo mtu wa huko hudhani ni mafua makali na mtu wa huku angedhani ni malaria. Dokezo ni pale watu wote wa nyumbani, na mbwa wao, wanapougua siku moja na kupata nafuu wakitoka nje. Zaidi ya Wamarekani 400 hufa kila mwaka kwa sumu hiyo bila kukusudia, mbali na wanaokufa kwenye moto, kwa mujibu wa kituo cha udhibiti wa magonjwa cha nchi hiyo (CDC). Si wote ni kwa magari. Majiko, jenereta na mashine za kupasha joto nyumba zimo.

Gari linasukumwa nje ndipo liwashwe. Kengele ya kugundua hewa hiyo inawekwa karibu na vyumba vya kulala.

Mwenye Mustang ana sababu ya pili ya kuogopa. Gari hilo lina ugonjwa wake maarufu: maji ya mvua huingia kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, yanaozesha bati, kisha yanadondokea miguuni kwa abiria na kuozesha sakafu. Mtu anafunika tundu kwa kapeti jipya, anaona amemaliza. Ekzosi ikiwa na ufa chini ya sakafu yenye matundu, moshi unapanda ndani, na waliokaa nyuma ni watoto. Mtoto anayelala kila safari huenda hajachoka.

Kuna na moto wenyewe, uliompata Leno. Petroli nyingi ya Marekani siku hizi imechanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hiyo hulainisha na kupasua mipira ya mafuta ya zamani. Tone linaloanguka usiku linatoa mvuke mzito kuliko hewa, unaotambaa sakafuni. Pembeni lipo lile tangi la maji ya moto linalotumia gesi, nalo huwa na kimoto chake. Ndiyo maana kanuni za ujenzi huko hutaka chanzo cha moto cha tangi lililowekwa gerejini kiwe angalau inchi 18, yaani kama sentimita 46, juu ya sakafu. Mpira mpya wa mafuta, wa aina inayohimili ethanoli, ni kati ya vipuri vya bei ndogo kuliko vyote kwenye gari zima.

Utamu wa rejeta

Katika sumu zote za gerejini, moja tu ni tamu. Kulanti, maji ya rangi ya kijani yanayotiwa kwenye rejeta, kwa kawaida ina ethilini glaikoli, na ladha yake ni ya sukari. Beseni lililoachwa chini ya gari usiku mmoja linatosha kwa mbwa na linatosha kwa mtoto.

Aliyekunywa huanza kama mlevi: anayumba, anaongea ovyo, anasinzia. Baadaye anatapika, anapumua kwa kasi, na ndani ya siku moja hadi tatu figo zinaweza kushindwa kufanya kazi. Dawa ipo, inaitwa fomepizole, na ikikosekana madaktari huweza kutumia ethanoli kwa uangalizi wa hospitali. Inasaidia zaidi ikianza mapema, kwa hiyo hakuna kusubiri dalili. Mwishoni mwa 2012 watengenezaji wa Marekani walikubali kutia kitu kichungu kwenye kulanti zinazouzwa kwa watumiaji wa kawaida. Makopo ya miaka ya nyuma bado yapo kwenye rafu za gereji nyingi, na uchungu haumzuii mtoto kunywa funda la kwanza.

Petroli na mafuta ya taa ni habari nyingine, na hii inahusu Mbagala na Mombasa sawasawa na Michigan. Visihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Kinachoua ni pale petroli inapopita njia ya hewa na kuingia mapafuni, na kutapika kunaipa nafasi ya pili. Apelekwe hospitali na chupa aliyokunywa. Kwa sababu hiyo hiyo, kunyonya petroli kwa mpira na mdomo, jambo ambalo wengi wetu tulikua tukiliona, si jambo la kumfundisha kijana. Pampu ndogo ya mkono inafanya kazi hiyo.

Kuhusu jeki maneno ni machache. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia gari ni stendi za chuma, mbili kwa mbili, juu ya saruji iliyo sawa, na magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa. Tofali hupasuka bila onyo. Wenye uzoefu husukuma na lile gurudumu lililotolewa chini ya bodi, ili stendi ikiteleza gari litue juu yake na si juu ya mtu. Mtoto mdogo haingii gerejini gari likiwa juu, hata kuleta spana.

Siku ya kuwasha

Hufika asubuhi ambayo injini inashika, inakohoa, inatulia. Familia yote inatoka nje. Watoto wanataka kupanda.

Hapa wazazi wengi walioshika kila tahadhari hulegea, kwa sababu kazi imekwisha na furaha ni kubwa. Lakini gari hilo ni la kabla ya sheria. Kitabu cha Ralph Nader kilichoyashambulia magari ya Marekani kwa kukosa usalama kilitoka Novemba 1965. Rais Lyndon Johnson akasaini sheria ya usalama wa magari Septemba 1966. Vingi vya viwango vya kwanza vikaanza kutumika Januari 1, 1968. Gari la 1965 lina nguzo ya usukani isiyokunjika, dashibodi ya chuma, na mikanda ya kiunoni tu pale ilipo. Mengi hayana mkanda wowote nyuma.

Tangi la mafuta nalo limewekwa kwa namna inayowashtua wanaoliona mara ya kwanza. Sehemu yake ya juu ndiyo sakafu ya buti. Kati ya tangi na mgongo wa mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hakuna ukuta wa chuma, ni kiti chenyewe na pazia jepesi la kadibodi. Gari likigongwa nyuma, petroli inaweza kuingia ndani. Wapo wanaofunga bati nene kati ya buti na kiti, na kubadilisha tangi. Ni kazi ya wikiendi moja.

Kiti cha mtoto mdogo chenye mikanda yake kinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni, mradi maelekezo ya kiti hicho yanaruhusu na mkanda unakaza bila kulegea. Kile cha kumnyanyua mtoto mkubwa kidogo, wa miaka sita au saba, hakiwezi. Kinahitaji mkanda unaopita begani. Kwa mkanda wa kiunoni peke yake, gari likisimama ghafla mwili unakunjika, mkanda unapanda tumboni, na kinachoumia ni utumbo na uti wa mgongo. Mikanda ya pointi tatu ya kufunga kwenye Mustang inauzwa, na inahitaji kushikiliwa kwenye chuma kizima. Bati lililooza litang'oka nayo.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya mzazi mmoja, mwendo mdogo, mtaa wa karibu, akijaribu breki kila mara na kusimama kuangalia kama kuna kinachovuja chini. Kijana wa miaka 13 aliyetoa hewa kwenye breki hizo anastahili kiti cha mbele kwenye safari ya pili, mkanda ukiwa umefungwa. Mdogo wake wa miaka sita anasubiri ukingoni mwa barabara na mama yake mpaka mikanda ya nyuma ifike. Atalia kidogo. Apewe honi aibonyeze gari likiwa limeegeshwa nje na injini imezimwa. Kwenye magari hayo inasikika mpaka mtaa wa pili.